Chupa Ikivuka Mpaka Huwa Yatima

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze kuhusu kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amekishika leo, au ametazama nje kupitia kwake, au, Mungu apishe mbali, amekikanyaga. Nazungumzia kioo. Sisemi kile cha kujitazamia peke yake. Nasema kioo kwa mapana yake: chupa ya soda na ya bia, bilauri ya maji, chemni ya taa, dirisha la nyumba, kioo cha mbele cha gari, na ushanga wa kiunoni. Vyote hivi ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni mchanga.

Nataka tukitazame tukiwa Tunduma. Najua msikilizaji wa Kariakoo ataguna: kwa nini Tunduma, mji usio na kiwanda cha kioo hata kimoja? Jibu langu ni kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe. Tabia ya mtu huijui akiwa kwao. Mwangalie akiwa ugenini. Chupa nayo ndivyo ilivyo. Jijini Dar es Salaam, ambako tanuru la kampuni ya Kioo liko Chang'ombe, chupa iko nyumbani kwao. Kule Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, chupa iko ugenini, na hatua chache mbele yake iko nchi nyingine kabisa.

Kwa asiyeufahamu mji huo, Tunduma ni mlango wetu wa kwendea Zambia. Upande wa pili uko mji wa Nakonde, na watu wa miji hiyo miwili huvuka kwenda sokoni kama sisi tunavyovuka barabara. Hapo inapita barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na hapo inapita reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mji uko katika wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao yake makuu kuwekwa Vwawa. Oktoba 2019 marais wa nchi hizi mbili, John Magufuli na Edgar Lungu, walizindua kituo cha pamoja cha mpakani ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Mafuta na mashine huelekea Zambia na Kongo, shaba huteremka kwenda bandarini. Na katikati ya shehena hizo kubwa, chupa nayo inapita kimya kimya.

Sasa kabla hatujaifuata chupa hiyo, hebu tuulizane: inatengenezwaje?

Chukua mchanga mweupe safi. Huo ndio sehemu kubwa ya kioo, kama asilimia 70 hivi. Lakini mchanga ukiwa peke yake ni mkaidi. Hauyeyuki mpaka upate joto la karibu nyuzi 1,700, na moto wa namna hiyo ni ghali mno. Kwa hiyo mchanga huchanganywa na magadi yaliyosafishwa, ambayo huulainisha na kushusha joto linalohitajika. Ukiishia hapo utapata kioo, lakini ni kioo cha ajabu, maana kitayeyuka polepole kikikaa kwenye maji. Ndipo inapoongezwa chokaa kukipa uimara. Mchanga, magadi, chokaa: hayo ndiyo mafiga matatu ya kioo.

Mchanganyiko huo huingizwa katika tanuru lenye joto la nyuzi 1,500 hivi, ukawa uji mzito unaong'aa kama jua la magharibi. Tone la uji huo hukatwa, likadondoka ndani ya kalibu, likapulizwa hewa na kuwa chupa. Kisha chupa hupitishwa mahali pa joto linalopungua kidogo kidogo, kwa sababu ikipoa ghafla hujifungia mvutano ndani yake na siku moja hupasuka bila kuguswa. Kazi ya kupuliza kioo ilianzia nchi za Shamu, karne ya kwanza kabla ya Kristo, na kwa karibu miaka elfu mbili ilifanywa kwa mapafu ya binadamu. Mwaka 1903 Mmarekani Michael Owens wa mji wa Toledo alikamilisha mashine ya kutengeneza chupa yenyewe, na tangu hapo chupa ikaacha kuwa kitu cha tajiri.

Jambo moja zaidi kuhusu tanuru, na naomba mliweke akilini kwa maana nitalirudia. Tanuru la kioo halizimwi. Likiwashwa, huwaka usiku na mchana, sikukuu na siku ya kazi, kwa miaka kumi na zaidi. Ukilizima, uji huganda ndani yake na tanuru lenyewe huharibika. Kwa hiyo kiwanda cha kioo si kama kinu cha kusaga mahindi ambacho mtu hufungua asubuhi na kufunga jioni. Kinataka soko kubwa lisilokatika. Hiyo ndiyo sababu huvioni viwanda hivyo kila mkoa.

Je, mababu zetu wa nyanda hizi walishindwa moto? La hasha. Wanyiha wa Mbozi walijenga matanuru marefu ya udongo na kuyeyushia humo chuma kwa karne nyingi, tena chuma cha kutengenezea majembe yaliyolimiwa kweli kweli. Wala Afrika haikushindwa kioo. Kule Ile-Ife, katika nchi tunayoiita leo Nigeria, mafundi walitengeneza kioo chao wenyewe na shanga zake karibu miaka elfu moja iliyopita. Ila sisi wa upande huu wa bara kioo kilitufikia kikiwa tayari, kutoka baharini, na kilitufikia kikiwa ushanga.

Wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta shanga za kioo pale Unguja Ukuu, zilizoletwa na majahazi kutoka pande za India na Sri Lanka tangu karne ya saba na ya nane. Wamezikuta Kilwa pia. Kufikia karne ya 19, shanga nyingi zilizouzwa Unguja zilitoka Venice, Italia, ambako tangu mwaka 1291 mafundi wa kioo waliamriwa kuhamia kisiwa cha Murano ili matanuru yao yasiunguze mji. Hebu fikirini safari hiyo: mchanga wa Ulaya unayeyushwa Murano, unavuka bahari mpaka Unguja, unapakiwa Bagamoyo au Kilwa kichwani mwa mpagazi, unaishia shingoni mwa bibi harusi bara.

Na huko bara ushanga haukuwa pambo tu. Ulikuwa fedha. Ulinunulia chakula, ulilipia ushuru wa kupita, ulilipia mishahara. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwamba ushanga mmoja mwekundu ulipewa jina la utani lenye maana ya kumaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kukosa mlo wake ili aupate.

Lakini fedha hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa. Henry Stanley, alipokuwa akijiandaa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alijifunza kwamba kila nchi ilikuwa na ushanga wake. Ushanga mweusi uliopokelewa Ugogo ulikuwa takataka kwingineko. Ushanga mweupe uliopendwa Ufipa, majirani zetu hawa wa nyanda za juu, ungedharauliwa Ukonongo. Msafiri aliyekosea hesabu alijikuta na mzigo wa mali ambayo hainunui hata yai. Kioo ni kile kile, kizuri ni kile kile, ila umevuka mpaka wa wale wanaokithamini.

Naomba tulishike jambo hilo, ndugu zangu, kwa sababu ndilo linalotokea Tunduma mpaka leo. Ushanga umegeuka kuwa chupa, basi.

Mwaka 1933 kilianzishwa kiwanda cha bia Tanganyika, na pamoja na bia ukaja utaratibu ambao wengi wetu tumekulia ndani yake bila kuutafakari. Ukinunua bia au soda, hununui chupa. Chupa ni mali ya kiwanda, wewe umeazimwa. Ukitaka kuondoka nayo, unaacha fedha ya dhamana au unaleta chupa tupu ya kubadilishana. Utaratibu huo ulivuka Uhuru, ukavuka mwaka 1967 viwanda vilipotaifishwa, na ukavuka mwaka 1993 kiwanda cha bia kilipobinafsishwa. Serikali zilibadilika, siasa zikabadilika, lakini chupa tupu iliendelea kurudi.

Nayakumbuka vizuri mambo ya miaka ile ya 1980, bidhaa zilipokuwa adimu. Kamati ya harusi haikuanza kwa kutafuta soda. Ilianza kwa kutafuta kreti na chupa tupu, maana bila tupu hupati iliyojaa hata ungekuwa na fedha kiganjani. Mama mwenye chupa 24 chini ya kitanda alikuwa mtu wa kusalimiwa kwa heshima mtaani. Watoto tulifundishwa kubeba chupa ya soda kwa mikono miwili, na aliyeivunja alijua kinachomngoja. Hakuna aliyetuhubiria kuhusu mazingira. Neno lenyewe tulikuwa hatujalizoea. Chupa ilirudi kwa sababu ilikuwa na mwenyewe, na kwa sababu ilikuwa na bei.

Chupa ya namna hiyo huoshwa, hujazwa na kurudi barabarani mara 20 na zaidi kabla haijavunjika au kuchoka. Na ikivunjika haijafa. Kioo kina sifa ambayo karatasi haina na plastiki haina: unaweza kukiyeyusha leo, kesho na mtondogoo, na kila mara kikatoka kioo kamili kisichopungua ubora. Kilo moja ya vigae ikirudi tanuruni huokoa zaidi ya kilo moja ya mchanga, magadi na chokaa, maana malighafi hizo zikichomwa sehemu yake hupotea hewani kama gesi. Tena vigae huyeyuka kwa joto dogo zaidi. Kila asilimia 10 ya vigae inayoongezwa tanuruni hupunguza moto unaohitajika kwa karibu asilimia 3. Kwa mwenye kulipa ankara ya gesi ya tanuru linalowaka mwaka mzima, hizo si fedha za kuchezea.

Na kuna magadi. Majirani zetu wa Kenya wameyachimba katika ziwa Magadi tangu zama za ukoloni. Sisi tuna ziwa Natron, lakini humo ndimo heroe wadogo wengi wa dunia hii wanamotagia mayai, na mpango wa kujenga kiwanda cha magadi pale ulizua mabishano makubwa kati ya mwaka 2006 na 2008. Kila gunia la vigae linalorudi tanuruni ni magadi ambayo hayakulazimika kuchimbwa popote.

Wala hekima hii ya kuyeyusha kioo upya hatukuletewa na wageni. Karibu na mto Limpopo, mahali ambapo wataalamu wanapaita K2, jirani na Mapungubwe, watu wa miaka elfu moja iliyopita walizichukua shanga ndogo ndogo zilizotoka ng'ambo, wakaziyeyusha katika kalibu za udongo, wakatoa shanga kubwa walizozitaka wao. Kioo cha mgeni kikawa kioo cha mwenyeji. Leo Arusha na Kitengela, karibu na Nairobi, ziko karakana zinazoyeyusha chupa kuukuu na kutoa bilauri na mapambo ambayo watalii huyanunua kwa bei nzuri.

Basi kama kioo kina sifa zote hizo, kwa nini vichochoro vya Tunduma vina vigae?

Nilipopita huko nilizungumza na kijana mmoja anayeokota vyuma chakavu karibu na maegesho ya malori. Nilimuuliza mbona gunia lake lina vyuma na plastiki lakini halina hata chupa moja, ilhali chupa zimejaa miguuni pake. Alicheka. "Mzee," aliniambia, "chuma kina mnunuzi, plastiki ina mnunuzi. Chupa ya bia ya hapa nairudisha kwa wakala. Hii ya ng'ambo wakala wetu haitaki. Na hivi vichupa vidogo havina mwenyewe pande zote mbili. Nibebe nimpelekee nani?"

Ndugu wasikilizaji, kijana yule hajasoma kitabu cha Stanley, lakini amesema kile kile. Chupa ya Zambia ikivuka kuja kwetu, na chupa yetu ikivuka kwenda Nakonde, inapoteza thamani palepale mpakani, kama ushanga wa Ugogo ulivyopoteza thamani nje ya Ugogo. Dhamana yake iko upande ilikotoka. Dereva aliyekunywa soda yake safarini hawezi kurudi kilomita mia tatu kudai mia chache. Anaiacha. Chupa inakuwa yatima.

Na yatima wameongezeka kwa sababu nyingine mbili.

Ya kwanza ni plastiki. Chupa ya plastiki ilipoingia, haikuwa na dhamana. Unakunywa, unatupa, umemaliza. Ilitufundisha watu wazima tabia ambayo tulikuwa tukiwachapa watoto wetu kwayo. Tumeizoea kiasi kwamba sasa tunaitupa hata ya kioo.

Ya pili ni pombe kali. Machi 1, mwaka 2017, serikali ilipiga marufuku viroba, ile mifuko midogo ya plastiki iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya karanga na kuharibu vijana wetu. Marufuku ile ilikuwa ya haki kabisa, na mimi niliiunga mkono. Lakini pombe haikuondoka. Ilihamia kwenye vichupa. Vingine ni vya plastiki, vingine ni vya kioo, na vyote havina dhamana. Mtu hununua, hunywa, hutupa. Kiroba kilikuwa kikipeperuka na kuziba mtaro. Kichupa cha kioo kinavunjika na kungoja mguu wa mtoto.

Hili si jambo dogo kwa mji kama ule. Mzoa taka hukatwa mikono, maana kigae hutoboa gunia kabla hakijafika kwenye tela. Chupa nzima iliyolala wazi hukusanya maji ya mvua, na maji hayo ni kitanda cha mbu. Zile zinazookotwa zikiwa nzima zina maisha ya pili, mazuri na mabaya. Asali huuzwa ndani yake, na mafuta ya kula, na hilo ni jema. Wengine huzipasua na kupanda vigae juu ya ukuta wa nyumba ili mwizi asiruke. Hiyo nayo ni kazi. Lakini mafuta ya taa nayo hutiwa ndani ya chupa ya soda, na watoto wameyanywa wakidhani ni soda. Na wako watu wasio na haya wanaookota chupa yenye nembo ya pombe inayojulikana, wakajaza sumu yao na kuiuza kama halali.

Sasa nawasikia wenye haraka wakisema: tujenge kiwanda cha kioo Songwe. Mchanga upo, na mawe ya chokaa yapo jirani, kiasi kwamba kiwanda cha saruji cha Mbeya kiliwekwa karibu nayo. Mimi nasema tusikimbilie huko. Nimewaomba mkumbuke kwamba tanuru halizimwi. Kiwanda kikubwa cha vioo vya madirisha kimeshazinduliwa Mkuranga, mkoa wa Pwani, Septemba 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan, chenye uwezo wa kutoa tani 700 kwa siku. Kioo chake kikielekea Zambia kwa barabara, kitapita Tunduma. Na kwa upande wa chupa, Chang'ombe wapo tangu miaka ya 1960. Kinachotuponyoka si tanuru. Kinachotuponyoka ni barabara ya kurudia.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Vigae ni vizito na bei yake ni ndogo. Ukikodi lori kwa ajili yake tu kutoka Tunduma mpaka Dar es Salaam, umepata hasara kabla hujafika Makambako. Lakini yako malori yanayorudi pwani yakiwa na nafasi. Siyasemi ya mafuta, maana hayo hayawezi kubeba kigae. Nasema yale ya mabehewa wazi na makontena. Liko gari la bia na soda linalotoka Mbeya likiwa limejaa na kurudi na kreti tupu. Iko reli. Kioo kikipanda gari ambalo lingerudi hata hivyo, hesabu inabadilika.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, na nayasema mbele yenu wasikilizaji na mbele ya wenye mamlaka.

Mosi, kila chupa ya kioo inayouzwa nchini iwe na dhamana, ikiwa ni pamoja na vile vichupa vya pombe kali. Kama soda ya mwaka 1985 iliweza kuwa nayo, wakati hatukuwa na simu wala kompyuta, pombe ya leo itashindwaje? Mwenye kiwanda atalalamika kwamba bei itapanda. Haitapanda kwa anayerudisha chupa. Itapanda kwa anayeitupa, na huyo ndiye tunayemtaka.

Pili, pale kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, ambako nchi mbili tayari zimekubaliana kukagua lori mara moja, zikubaliane pia kupokea chupa mara moja. Pawe na banda moja linalopokea chupa za pande zote mbili kwa dhamana, kisha wenye viwanda wabadilishane zilizo zao. Tumeweza kubadilishana shilingi na kwacha pale kwa miaka mingi. Mtu mwenye kiti cha plastiki na kikokotoo anafanya kazi hiyo. Chupa si ngumu kuliko fedha.

Tatu, zile zilizokwisha vunjika zichambuliwe. Na hapa lazima tujue kazi yenyewe, maana ikifanywa ovyo tanuru litazikataa. Kioo cheupe peke yake, cha kijani peke yake, cha kahawia peke yake. Ile rangi ya kahawia haikuwekwa kwa urembo. Huikinga bia na mwanga unaoharibu ladha yake. Kioo cha dirisha, cha kujitazamia, cha balbu, na vipande vya sahani za udongo visichanganywe na chupa, kwani hutengenezwa tofauti na huacha kasoro. Vitakavyobaki visagwe hapo hapo Tunduma na kuchanganywa kwenye matofali badala ya sehemu ya mchanga. Haba na haba hujaza kibaba, na kijana yule wa vyuma chakavu atapata gunia la tatu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chupa ya zamani ilikuwa na daftari; kila moja iliandikwa kwa wakala, kwa muuza duka, na kichwani mwa mama mwenye nyumba. Tulipoifuta chupa kwenye daftari, tuliifuta pia kichwani, na tukashangaa kuikuta njiani imevunjika. Halmashauri inaweza kununua mafagio mangapi? Mtoto anaweza kuvalishwa viatu vingapi? Ni rahisi zaidi kuirudishia chupa bei yake.

Nimesikia wengine wakisema wananchi wetu hawajastaarabika, ndiyo maana wanatupa ovyo. Sikubali. Ni wananchi hawa hawa waliorudisha chupa za taifa hili kwa miaka zaidi ya hamsini, moja moja, bila polisi wala mgambo. Hawakuwa wastaarabu zaidi wakati ule. Walikuwa na sababu, na sababu hiyo inaweza kurudishwa kwa sheria ya kurasa mbili.

Ukipata nafasi ya kusafiri mpaka Tunduma, msikilizaji, ukanywa soda yako ukingoja lori lililo mbele lisogee, usiiache chupa ukutani. Muulize muuza duka kama anaichukua. Akisema haichukui, muulize kwa nini, na umuulize kwa sauti ya kutosha ili na diwani wake asikie.